Picha Mahali pa Mkono
Mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo wa Meru na Embu



Mtu akienda soko la Gakoromone kununua nyanya haanzi na bei. Anaanza na mkono. Anabonyeza moja, anageuza ya pili, ya tatu anairudisha kwenye fungu, ndipo anauliza. Penye mitumba ni vivyo hivyo: suruali inanyoshwa, zipu inavutwa, kwapa la shati linainuliwa kwenye mwangaza. Muuzaji anayekataza mkono huo hadumu sokoni. Sasa mchukueni mteja huyo huyo, mmkalishe ndani ya matatu kati ya Nkubu na Chogoria, simu kiganjani, akipitisha picha kwa kidole gumba. Macho anayo, lakini mkono wake haufiki. Kila nitakalosema leo linatokana na upungufu huo. Picha ya biashara ndogo imewekwa pale ifanye kazi ya mkono uliokosekana, na nyingi tunazoziona hazifanyi kazi hiyo. Zinajipamba tu.

Kutangaza kwa macho si jambo geni kwetu. Kuta za maduka zilichorwa soda, sabuni na vichwa vya kinyozi miaka mingi kabla Instagram haijaanza mwaka 2010, na mwenye uwezo zaidi alipeleka tangazo Muuga FM kwa Kimeru au Wimwaro kwa Kiembu. Kilichobadilika ni gharama. Mchoraji alidai fedha zake, redio ikadai zake, na ukuta ukishachorwa haukubadilika hadi rangi ibanduke. Leo mwenye simu na bando anaweza kubadilisha ukuta wake mara tatu kwa siku. Urahisi huo ndio uliotuletea uzembe, maana kitu kisicho na gharama hakifikiriwi sana kabla ya kutolewa.

Mtaniuliza: tuweke wapi picha zetu? Vijana watasema TikTok, na wana sababu. Ripoti ya Taasisi ya Reuters ya mwaka 2023 kuhusu habari za kidijitali iliiweka Kenya mbele ya nchi zote ilizozichunguza kwa matumizi ya TikTok. Zaidi ya nusu ya Wakenya waliohojiwa walisema wanaitumia. Tukumbuke tu kwamba waliohojiwa walipatikana mtandaoni, kwa hiyo si kila mama wa Kiritiri aliyehesabiwa humo. Mimi nitawaambia jambo lisilovutia: kwa biashara nyingi zilizomo ukumbini humu, soko la kwanza ni stetasi ya WhatsApp.

Sababu ni hii. Ili mtu aone stetasi yako, sharti wewe uwe umehifadhi namba yake na yeye awe amehifadhi yako. Kila anayekutazama pale mmeshakubaliana kujuana. TikTok inaweza kukupa watazamaji elfu hamsini walio Lagos na Johannesburg, na hakuna hata mmoja wao atakayekuja kusukwa nywele mtaani Majimbo Jumamosi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 608,599 katika Kaunti ya Embu na 1,545,714 katika Kaunti ya Meru. Msusi anahitaji mia mbili tu kati ya hao, wanaorudi. Akiwa na namba mia mbili za watu waliokalia kiti chake, ana mtaji ambao muuzaji mwenye wafuasi elfu kumi wa mbali angeutamani. TikTok na Instagram ni za kuleta watu wapya. Wakishafika, omba namba na uhamie kwenye stetasi. Kuna pia WhatsApp ya biashara, iliyoanza Januari 2018 na baadaye ikaongezwa katalogi, ambamo bidhaa inabaki na bei yake hata stetasi ikishafutika baada ya saa 24. Wengi wenu mnayo kwenye simu na hamjawahi kuifungua sehemu hiyo.

Sasa nikae kidogo kwa seremala, kwa sababu kwake ndiko jambo hili linaonekana wazi kuliko kwingine kote.

Seti ya makochi ni bidhaa inayoficha ubora wake. Kitambaa ndicho kinachoonekana, na kitambaa ndicho rahisi kukipendezesha. Ndani kuna mbao ambazo huenda zilikaushwa au zilipigwa misumari zikiwa mbichi. Kuna sponji, ambayo huenda ni ngumu ya kudumu miaka minane au ni ile laini inayobonyea kabla Krismasi haijafika. Kuna viungo vilivyotiwa gundi na skrubu, au msumari mmoja na maombi. Mteja analijua hilo. Ndiyo maana akifika kwenye karakana ya kando ya barabara anakaa kwa nguvu, anainua upande mmoja apime uzito, anachungulia chini. Anatafuta kuona ndani.

Tazameni basi picha ambazo mafundi wetu wanaweka. Kochi limekamilika, limepigwa picha kwa pembe, mito imesimamishwa, pengine na maua ya plastiki juu ya meza. Picha hiyo ni sawa na ya fundi wa jirani, na ya fundi wa Nairobi aliyenunua kitambaa dukani kule kule. Kwa nini mtu wa Timau amtumie huyu arubuni ya nusu ya bei na si yule? Picha haikumwambia chochote ambacho mkono wake ungetaka kujua.

Fundi anayenisikia afanye hivi. Siku fremu inaposimama bila nguo, apige picha. Aonyeshe mbao ni za mti gani na ni nene kiasi gani, akiweka futi kamba juu yake ili namba zionekane. Achukue video ya sekunde kumi na tano akisimama juu ya fremu kwa miguu yake miwili. Abonyeze sponji kwa kiganja, aiachie, atuonyeshe ikirudi. Kisha, siku ya kukamilika, apige ile picha ya maua ya plastiki akipenda. Aweke zote pamoja. Mteja wa Timau ameshaona chini ya kochi bila kupanda gari. Na fundi anayetumia mbao mbichi hawezi kumwiga, kwa sababu kumwiga kutamlazimu kwanza anunue mbao kavu.

Kuna watakaosema kwamba kuonyesha kazi ikiwa nusu ni kuanika siri. Siri gani? Kila fundi wa Makutano anajua jinsi kochi linavyotengenezwa. Asiyejua ni mnunuzi.

Kanuni hiyo hiyo inahamia kwa wengine kwa urahisi. Muuzaji wa asali ya Mbeere anapambana na shaka moja tu, kwamba ameongeza sukari. Basi video ya mzinga ukifunguliwa na sega likikamuliwa ina faida kuliko chupa kumi zilizopangwa kwenye rafu. Mwenye keki aikate, tuone ndani. Mwenye viatu vya mitumba ageuze soli. Mwenye ndizi za Imenti anayemtumia picha dalali wa Nairobi aweke mkungu kwenye mizani, uso wa mizani ukisomeka, maana ndizi zetu zimenunuliwa kwa kukadiriwa kwa macho miaka mingi na makadirio hayo hayajawahi kumpendelea mkulima.

Niseme sasa kuhusu mwangaza, na hapa jiografia yetu ina neno. Mstari wa Ikweta unaikata barabara ya Embu kwenda Meru. Maana yake ni kwamba jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima, na katikati ya mchana linasimama utosini. Jua la utosini ni adui wa picha: macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi, bati linang'aa, rangi ya kitambaa inapauka. Pigeni picha kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Ikiwa haiwezekani, ingieni ndani ya mlango hatua mbili, bidhaa iwe inautazama mlango, nanyi msimame upande. Kivuli cha mlango wa duka ni studio ya bure. Julai, ukungu unaposhuka Nyambene, mna bahati ambayo wapiga picha wa mijini hununua vitambaa kuitengeneza: mwanga laini siku nzima.

Wasusi wana tatizo lao. Ukimpiga picha mteja mwenye rasta nyeusi mbele ya ukuta mweupe, simu huona weupe mwingi, inapunguza mwangaza, na kazi ya saa sita inageuka donge jeusi. Gusa nywele zenyewe kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga; simu itapima mwangaza pale ulipogusa, na mistari itatoka. Msidhani tatizo hili ni la simu za bei rahisi. Kwa miongo mingi filamu za rangi za Kodak zilipimwa kwa ngozi nyeupe, na watu weusi walitoka wakiwa vivuli. Watafiti wa historia hiyo wanaeleza kwamba mashinikizo yaliyoifanya kampuni iboreshe rangi za giza yalitoka kwa wafanyabiashara pia: watengenezaji wa chokoleti, na watengenezaji wa samani waliolalamika kwamba mbao za rangi nzito na mbao za rangi nyepesi zilitoka sawasawa kwenye matangazo yao. Seremala aliwahi kuibadilisha Kodak. Nimeona niwaambie.

Tufike kwenye bei. Nani hapa hajawahi kuandika "bei inbox"?

Nacheka, lakini nawaelewa. Gakoromone hakuna vibandiko vya bei. Bei inazaliwa katika mazungumzo. Inategemea saa, mvua, sura ya mteja na kama jana alinunua kwako. Muuzaji aliyelelewa katika soko hilo anapoingia Instagram anaingia na tabia yake, na si tabia mbaya. Tena anaogopa jirani ataona bei na kushusha shilingi hamsini. Lakini sokoni mteja amesimama mbele yako, na kuuliza hakumgharimu kitu. Mtandaoni kuuliza ni kazi: aandike, asubiri, aonekane ameuliza, halafu aone haya kunyamaza bei ikimshinda. Wengi hawaulizi. Wanapita. Na anayepita huwezi kumhesabu, kwa hiyo unadhani hukupoteza kitu. Kama bei inabadilika, andika "kuanzia" na kiasi. Kama unataka nafasi ya kupatana, iache ndani ya hicho kiasi; mnunuzi wa Meru atapatana hata ungeichonga bei kwenye jiwe. Jirani yako naye bei zako anazijua, maana alimtuma binamu yake aulize.

Hatari kubwa kuliko bei iliyofichwa ni picha ya kuazima. Gauni limetolewa kwenye ukurasa wa duka la Uturuki, kiatu kimetolewa China, na aliyeweka picha hajawahi kukishika. Wakenya wamegeuza jambo hili kichekesho: picha mbili bega kwa bega, nilichoagiza na nilichopata. Kicheko hicho kinalipwa na muuzaji mwaminifu. Kila anayedanganywa mara moja anawashuku kumi wanaofuata, na shaka hiyo inamwangukia dada wa Runyenjes ambaye gauni lake analo mkononi. Dawa yake ni ndogo. Avae gauni mwenyewe au alitundike kwenye ukuta wake ule ule, kila siku, hadi wateja waujue ukuta. Aonyeshe na kasoro: kifungo kilicholegea, doa dogo la pindoni. Anayeonyesha doa anaaminika kwa yale mengine ambayo hakuyaonyesha. Na zile programu za kulainisha picha, za kufanya nyanya ing'ae kama imepakwa mafuta, mziache. Mteja atakutana na nyanya halisi jioni ile ile, bodaboda akishafika.

Zipo bidhaa ambazo picha haizisaidii sana, na Meru ina mfano maarufu kuliko wote. Miraa inauzwa kwa ubichi. Inachumwa, inafungwa kwa majani ya migomba isikauke, na inakimbizwa siku ile ile. Baada ya siku mbili hivi imepoteza thamani. Mnunuzi mzoefu anaisoma kwa urefu wa vijiti, rangi ya gome na jinsi ilivyofungwa, na zaidi ya hayo anamjua aliyeifunga. Biashara hiyo ilijenga uaminifu kutoka Maua hadi Mogadishu bila picha hata moja. Nawaambia haya vijana wanaodhani kwamba bila video biashara haipo. Mahali ambapo mtu anayejulikana anasimama nyuma ya mzigo, picha ni nyongeza tu.

Sasa sheria, na hapa naomba simu zishushwe kidogo.

Picha ya mteja wako si mali yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai uwe na ridhaa yake ya wazi kabla hujaitumia kibiashara, na sura ya mtu ni data yake. Msidhani ni maneno ya Nairobi yasiyofika huku. Desemba 2022 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza Oppo Kenya shilingi milioni 5 kwa kutumia picha ya mtu kwenye Instagram bila ridhaa yake. Septemba 2023 ikautoza mkahawa wa Casa Vera wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja aliyekuwa akijiburudisha, na shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Biashara ndogo haitatozwa milioni 5, kwa kuwa kikomo ni hicho au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Lakini aliyeumizwa anaweza pia kudai fidia, na kesi inakula siku ambazo ungekuwa dukani.

Msusi afanyeje, basi, wakati tangazo lake ni kichwa cha mtu? Apige kwa nyuma. Rasta zinaonekana vizuri zaidi kwa nyuma hata hivyo. Akitaka uso, aulize kabla ya kupiga, aeleze picha itawekwa wapi, na jibu lije kwa ujumbe wa simu ili libaki. Mteja akibadili nia mwezi ujao, ifutwe siku hiyo hiyo bila mabishano. Watoto, hata wakipendeza kiasi gani na sare mpya ulizoshona, usiwaweke bila neno la mzazi.

Na serikali nayo inatazama picha. Novemba 2021 aliyekuwa Kamishna Mkuu wa KRA, Githii Mburu, alisema bila kuficha kwamba mamlaka yake inafuatilia maisha tunayoyaonyesha mitandaoni. Mauzo yako yakivuka shilingi milioni 1 kwa mwaka na hayajafika milioni 25, kodi ya mauzo ni asilimia 3 tangu Julai 2023. Ukiposti mzigo mpya kila Jumatatu na useme mwaka mzima hukuuza kitu, umejishtaki mwenyewe. Sitalikalia jambo hili. Nendeni kwa mhasibu.

Nimalizie na jambo ambalo watu wa pande hizi hawahitaji kufundishwa, kwa sababu limewapitia mwilini. Uholanzi ilipiga marufuku miraa Januari 2013. Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014, na familia za Igembe zilizosomesha watoto kwa soko la London zikaamka bila soko. Somalia ilifunga mlango Machi 2020 na kuufungua tena Julai 2022. Embu nao walionja Mei 2024, gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka, ndugu wa miraa, na kaunti nyingine za Pwani zikamfuata, hadi Mahakama Kuu ya Embu iliposimamisha amri hizo kwa muda. Katika kila tukio, uamuzi ulifanywa mahali ambapo mkulima hana kiti, na shamba halikuwa na kosa.

Ukurasa wako wa Instagram uko katika hali hiyo hiyo. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika pamoja duniani kote kwa saa sita hivi, na wenye oda za keki za jioni ile hawakujua wampigie nani. Jirani zetu wa Uganda walifungiwa Facebook Januari 2021 kabla ya uchaguzi, na kufungiwa huko kukadumu miaka. Kwetu, Agosti 2023, ombi la kutaka TikTok ipigwe marufuku lilifikishwa Bungeni. Halikupita, lakini nani angeulizwa kuhusu duka lake kama lingepita? Mbali na serikali kuna wezi: akaunti inatekwa asubuhi, na mchana inaomba wateja wako fedha kwa jina lako.

Kwa hiyo wekeni uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti zenu leo, kabla hamjalala. Hifadhini picha zenu za kazi mahali pengine mbali na simu hiyo moja. Na mnunue daftari. Kila anayenunua, andika jina lake, namba yake, alichochukua na siku. Mtandao ukizimika, unampigia. Akaunti ikiibwa, unawatumia wote ujumbe mfupi wa kawaida kabla mwizi hajawafikia. Miaka mitatu ya daftari hilo ina thamani kuliko wafuasi wote, na ukiamua kuuza biashara, mnunuzi ataliulizia. Lakini lisiachwe wazi juu ya kaunta. Majina na namba zilizomo ni data za watu, na sheria ile ile ya 2019 inazilinda kama inavyolinda sura zao.